Kikombe Kilichokataa: Kufufua Baiskeli ya Mashindano Isiyo na Jina

Baiskeli ililetwa bila jina. Nembo ya shingoni ilishang'oka, yakabaki matundu mawili ya ribiti, na stika za kwenye paipu zilishasuguliwa zamani na mtu mwenye msasa na nia njema. Kilichobaki ni rangi ya bluu iliyopauka upande uliokuwa ukipigwa na jua, kromu yenye vipele vya kutu miguuni mwa foki, usukani wa kuinamia uliojikunja kama pembe za kondoo dume, na gia 5 nyuma kwa 2 mbele. Mwenyewe, dada mmoja aliyeirithi kwa mjomba wake, alisema jambo moja tu: "Fundi, sitaki ya kutundika ukutani. Nataka niipande."

Kauli hiyo ilipunguza mjadala. Baiskeli ya kutundika unaipaka rangi, unaing'arisha, unairudishia hata mnyororo uliokufa, na hakuna atakayejua. Ya kupanda ina maswali ambayo rangi haiyajibu. Stemu, kile kipande kinachoshika usukani, itahimili mtu akisimama kwenye pedali? Krenki, ile mikono inayobeba pedali, itashika? Breki zitakamata mteremkoni?

Nilianza na fremu, maana fremu ikiwa imekufa hakuna haja ya kusumbukia kingine. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu kwa mbele huacha ushahidi nyuma tu ya shingo, upande wa chini wa paipu ya juu na paipu ya chini. Chuma hujikunja pale kidogo kama ngozi ya kiwiko, na rangi hupasuka kwa mistari myembamba. Jicho linaweza kudanganyika. Kidole hakidanganyiki kirahisi. Nikapitisha kidole mara tatu, pakawa laini. Kisha nikachukua kamba, nikaifunga mahali pa ekseli ya nyuma upande wa kushoto, nikaizungusha shingoni, nikairudisha upande wa kulia na kuivuta ikakaza. Umbali kutoka kwenye kamba hadi paipu ya kiti ulikuwa sawa pande zote mbili, tofauti haikufika milimita 1. Fremu ilikuwa imenyooka. Nikafurahi, na furaha hiyo ikaniponza.

Ukaguzi wangu uliishia kwenye swali la kama fremu ni nzima. Sikuuliza ni fremu ya wapi. Kwa baiskeli ya leo swali hilo halina uzito, kwa kuwa vipimo vingi vimekubaliwa kimataifa. Kwa baiskeli ya mashindano ya kabla ya miaka ya 1980, nchi ilikotengenezwa huamua karibu kila uzi wa bolti uliomo. Uingereza, Italia, Ufaransa na hata Uswisi kila moja ilikuwa na vipimo vyake, na kwa bahati mbaya vinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu.

Dalili zilikuwepo, tena si moja. Pedali zilipotoka, ncha ya ekseli ya moja ilikuwa na herufi D na ya nyingine G. Niliziona, nikadhani ni alama za kiwandani, nikaziweka kwenye kopo. Ni droite na gauche, kulia na kushoto kwa Kifaransa. Ingekuwa pedali ya Kiingereza ningekuta R na L. Baadaye kidogo kivutio changu cha krenki, kifaa cha kuing'oa kwenye ekseli, chenye uzi wa milimita 22 kama ilivyo kawaida, kilielea tu ndani ya tundu. Krenki ilikuwa ya Stronglight, kampuni ya Kifaransa, jina limechongwa wazi mkononi, na krenki hizo za zamani zinataka kivutio cha milimita 23.35. Cha milimita 23 kinachotumika kwa krenki za TA, kampuni nyingine ya Kifaransa, huingia pia, lakini hushika juujuu, na ukikaza hung'oa uzi wote wa aluminiamu ukabaki na krenki isiyotoka kabisa. Hilo nililijua, nikatafuta kivutio sahihi. Lakini niliwaza hivi: krenki za Stronglight zilifungwa kwenye baiskeli za nchi nyingi, kwa hiyo krenki ya Kifaransa haithibitishi kwamba fremu nayo ni ya Kifaransa. Hoja yenyewe ilikuwa sahihi. Ila niliitumia kama ruhusa ya kuacha kuuliza.

Sasa tufike kwenye kikombe. Baiskeli hizi hazina beringi ya kufungwa kwenye krenki. Kuna vikombe viwili vya chuma vinavyojifunga kwa uzi ndani ya kasha lililo chini ya fremu, ekseli ikapita katikati, na kila upande una gololi 11 za robo inchi. Kikombe cha kushoto kina ringi ya kukifunga na hutumika kurekebisha mkazo. Cha kulia hukazwa kwa nguvu zote kikabaki hapo hapo miaka na miaka. Cha kushoto kilitoka bila ubishi, kwa sababu upande huo uzi ni wa kawaida katika vipimo vyote. Ekseli ikatoka, gololi zikamwagika zikiwa zimeganda kwenye grisi iliyogeuka gundi ya kahawia. Kikabaki cha kulia.

Kuna mbinu inayojulikana ya kutoa kikombe cha kulia. Unapitisha bolti nene kwenye tundu lake, unaweka washa kubwa ndani na nje, unafunga nati, kisha unakaza. Bolti ikishakibana kikombe kwa nguvu kuliko kutu inavyokishika kwenye kasha, ukiendelea kukaza kikombe chenyewe kinaanza kuzunguka. Ni mbinu nzuri kwa baiskeli ya Kiingereza, ambapo kikombe cha kulia kina uzi wa kushoto: ukikaza bolti kwa mwendo wa saa, kikombe kinafunguka.

Nilikaza jioni nzima. Nikatia mafuta ya kupenya, nikakaza tena kesho yake na bomba la urefu wa mkono kwenye spana. Washa zilijipinda kama sahani. Mwenye baiskeli akapiga simu: "Vipi fundi, imefunguka?" Nikamjibu "bado kidogo," jibu ambalo kila fundi analijua na kila mteja ameshalichoka. Siku ya tatu nikasikia mlio mfupi, tik, kikombe kikasogea kiasi cha nusu ya unene wa kucha. Nikashangilia. Kisha nikainama nikatazama ukingo wake. Kilikuwa kimeingia ndani zaidi.

Nikaweka spana chini nikachukua kalipa ya kupimia vipenyo, kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza kabla hata ya kunawa mikono.

Paipu ya juu, juu ya rangi, ilisoma milimita 26.1. Paipu ya chini na ya kiti zilisoma 28.1. Ukitoa unene wa rangi unabaki na 26 na 28 kamili. Fremu za Kiingereza, na za Kiitaliano pia, zilijengwa kwa paipu za inchi: inchi 1 juu, yaani milimita 25.4, na inchi 1 na moja ya nane kwa zile nyingine mbili, yaani 28.6. Paipu za 26 na 28 ni za Kifaransa. Kipimo hicho kinachukua nusu dakika, hakihitaji kufungua hata nati moja, na hakuna msasa unaoweza kukifuta.

Nikageukia kikombe cha kushoto kilichokuwa tayari mezani. Uzi wa Kifaransa ni kipenyo cha milimita 35 na hatua ya milimita 1 kutoka jino hadi jino. Wa Kiingereza ni inchi 1.37, sawa na milimita 34.8, meno 24 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 1.058. Wa Kiitaliano ni milimita 36, meno 24 kwa inchi. Wa Kiitaliano unajulikana kwa ukubwa, lakini kati ya 34.8 na 35 uchakavu peke yake unatosha kukuchanganya, kwa hiyo kipenyo nilikiacha nikapima hatua. Geji ya milimita 1, kibati chenye meno ya kupimia uzi, ilikaa kwenye meno yote bila mwanga kupenya. Geji ya meno 24 ilikaa vizuri kwenye meno matatu ya kwanza, la nne ikaanza kupanda, la sita ikaning'inia. Hapo ndipo ulipo mtego mzima: kikombe cha Kiingereza huingia kwenye kasha la Kifaransa mizunguko michache kama kwamba kimekubali, kisha kinakaza. Mtu akidhani ni uchafu akaongeza nguvu, analichonga kasha upya na fremu inaharibika mahali pabaya kuliko pote.

Lilibaki swali moja. Uswisi ilitumia 35 kwa 1 vilevile, lakini kikombe cha kulia kikiwa na uzi wa kushoto. Kipimo hakiwezi kuwatenganisha hao wawili. Zipo baiskeli zilizojengwa Ufaransa kwa uzi wa Kiswisi, kwa hiyo paipu za 26 na 28 nazo hazikumaliza kesi. Nilimulika tochi ndani ya kasha kupitia tundu la kushoto. Nyuma ya kikombe kilichokataa palikuwa na nyuzi mbili tatu za kasha ambazo hazikufunikwa. Nikalinganisha mlalo wake na mlalo wa nyuzi za upande wa kushoto. Ingekuwa Kiswisi au Kiingereza, zingeinamia pande zinazopingana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Zilikuwa zinainamia upande mmoja. Uzi wa kulia pande zote mbili: Ufaransa. Kwa siku tatu nilikuwa nimekikaza kikombe kwa bidii kubwa kuliko aliyekikaza kiwandani.

Kukitoa, ukishajua, hakukuwa na ushujaa. Kikombe kina bapa mbili za kushikia. Nikazibana bapa hizo kwenye jiliwa zito lililofungwa mezani, fremu ikiwa imelala juu yake, upande wa krenki ukitazama chini. Nikashika fremu kwa paipu ya kiti na shingo, nikaizungusha yote kinyume cha saa kwa mtu anayetazama kutoka juu. Fremu yenyewe ikawa mkono wa spana, na spana ya urefu huo hakuna duka linaloiuza. Robo mzunguko, mlio mrefu wa kukwaruza, kisha ikaachia. Kikombe kilitoka na bapa zake zikiwa na majeraha ya washa zangu, lakini njia ya gololi ndani ilikuwa inang'aa bila shimo hata moja. Hiyo ilikuwa bahati. Vikombe vya uzi wa Kifaransa havipatikani kirahisi, na kama njia ingekuwa imechimbika ningelazimika kutafuta beringi za kisasa zisizotumia uzi, zile zinazojibana ndani ya kasha kwa kutanuka.

Nimekaa sana kwenye kikombe kwa sababu ndipo kisa chenyewe kilipo. Baada ya hapo kila sehemu niliiuliza kwanza inatoka wapi, na kila mara jibu lilibadilisha nilichokuwa nataka kufanya. Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa na uzi wa friwili, lile fungu la gia za nyuma, wa milimita 34.7 kwa hatua ya 1. Friwili mpya ya kawaida ingeingia kwa kulegea, na kanyago la kwanza kwenye mlima lingeng'oa uzi wa kitovu. Tukairudisha friwili ya zamani baada ya kuisafisha. Pedali za milimita 14 kwa 1.25 zilikuwa zimekwisha beringi, na dada alitaka pedali mpya. Pedali za leo zina ekseli ya 9/16 ya inchi, yaani milimita 14.29, kwa hiyo nyama ya krenki inatosha kuchongwa upya kwa kipimo kipya, kulia kwa uzi wa kulia na kushoto kwa uzi wa kushoto. Hiyo ni kazi isiyorudi nyuma. Nilimweleza, akakubali, nikachonga taratibu kwa mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma.

Nguzo ya kiti ilikuwa vita vya pili. Nguzo ya aluminiamu ndani ya paipu ya chuma, jasho na maji ya mvua vikipita kati yake kwa miaka, ni kama betri ndogo. Aluminiamu huliwa, na oksidi yake huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa, ikajisukuma pande zote hadi nguzo na paipu zinakuwa kitu kimoja. Mafuta ya kupenya hayana la kufanya na oksidi hiyo. Moto nao una kasoro: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha vyote pamoja nguzo inazidi kubana, na rangi ya fremu inaungua bure. Nilibana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa nikajaribu kuzungusha fremu kama nilivyofanya kwa kikombe. Nikahisi paipu ya juu ikinyumbuka mkononi. Nikaacha hapo hapo. Kasha la krenki ni pande nene la chuma. Paipu ya kiti ni gamba lisilofika hata milimita moja. Nguvu iliyofaa kule, huku ingeacha fremu imepinda.

Nikaamua nguzo ife ili fremu ipone. Niliikata sentimita 3 juu ya fremu, nikapata tundu la kuingiza jani la msumeno wa chuma lililofungwa kitambaa upande mmoja kama kishikio. Kazi ni kuchana ukuta wa nguzo kwa ndani, kwa urefu, bila kugusa ukuta wa fremu. Huoni chochote. Unachotegemea ni unga unaotoka na sauti. Aluminiamu inatoa unga mweupe unaong'aa na jani linakwenda kimya, kama linakata mti mbichi. Ukifika kwenye chuma, jani linateleza na kulia kwa sauti nyembamba, na unga unageuka kijivu cha giza. Kila nikivuta msumeno mara kumi niligonga fremu juu ya karatasi nyeupe nikatazama rangi ya unga. Mfereji wa kwanza ulichukua saa mbili, wa pili saa moja na nusu. Kisha kwa koleo ndefu nikakunja kipande kati ya mifereji kikaingia ndani, nguzo ikapoteza mkazo wake, ikatoka ikiwa imezungukwa na unga mweupe mkavu kama chokaa.

Chini ya kipande hicho, pale ambapo kutu haikufika, kalipa ilisoma 26.4. Namba hiyo ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika kazi nzima. Paipu ya nje 28, nguzo 26.4: ukuta wa paipu juu ni kama milimita 0.8. Baiskeli za kawaida za zama hizo zenye paipu nzito hutaka nguzo nyembamba zaidi, kwa sababu ukuta ni mnene. Fremu hii ilijengwa na mtu aliyekuwa anapunguza uzito kwa makusudi. Dada aliposikia hivyo macho yakang'aa: "Basi ni ile Reynolds 531? Naweza kununua stika yake nikaibandika?"

Nilielewa hamu yake. Reynolds 531, aloi ya manganizi na molibdenamu iliyotoka Birmingham mwaka 1935, ndiyo iliyobeba wakimbiaji wengi wa karne ile, na mafundi wa Ufaransa waliitumia sana, kwa vipimo vya milimita. Vipimo vyetu vinaruhusu iwe hivyo. Havithibitishi. Nilimwambia stika ya kubandika ni ushahidi wa uongo: fundi atakayekuja baada yangu ataisoma badala ya kupima, na atafanya makosa niliyofanya mimi na kikombe. Hakupenda. Siku mbili baadaye akakubali iendelee kuwa haina jina.

Rangi tuliiacha. Hapa watu hubishana, na mimi upande wangu ni huu: rangi ya kwanza ya fremu ipo mara moja tu. Ilikuwa imechunika sehemu kama ishirini, lakini kutu ilikuwa ya juujuu. Niliilaza fremu na foki kwenye beseni refu la maji yenye asidi ya oksaliki usiku kucha, kila kitu cha aluminiamu kikiwa kimetolewa. Asidi hiyo inakula kutu na kuiacha rangi na kromu karibu kama zilivyokuwa. Ni sumu, kwa hiyo glavu, miwani, na chombo kisichorudi jikoni. Asubuhi maji yalikuwa ya kijani cha manjano. Nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, nikakausha haraka, maana chuma kilichovuliwa kutu kina kiu ya kutu mpya. Kromu ya foki niliisugua kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, na vipele viliisha vikabaki vidoa vidogo vyeusi visivyoshikika kwa kidole. Sehemu zilizochunika zilipata rangi ya kuzuia kutu na kiraka cha bluu iliyo karibu na ile. Ukiwa na mita mbili huoni. Ukiwa karibu unaona, na sioni aibu.

Kutu ya nje haiui fremu haraka. Ya ndani ndiyo kikulacho kilicho nguoni. Nilimimina mafuta ya kitani ndani ya kila paipu kupitia matundu ya kupumulia, nikaizungusha fremu hadi yakapaka kila kona, nikaitundika ichuruzike. Yakikauka hubaki utando. Vitambaa vilivyopangusa mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye kona: vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Magurudumu yalikwenda haraka. Rimu zilikuwa za tairi za kubandikwa kwa gundi, na yeye hakutaka kushona tyubu barabarani, kwa hiyo vitovu vile vile vilisukiwa rimu za tairi za kawaida, za ukubwa unaoitwa 700C; breki zilifika bila kubadilishwa. Nafasi ya nyuma ni milimita 120, ya gia 5. Aliuliza kama tunaweza kutanua fremu ifike 126 ili iingie gia 6 za kawaida. Chuma kinaruhusu kunyooshwa hivyo kikiwa baridi, lakini uzi wa kitovu ulishatufunga kwenye friwili ya zamani, kwa hiyo tusingepata faida yoyote. Kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa cha plastiki ngumu, kimepasuka kwenye mkono wa juu. Tukapata cha chuma cha aina ileile, kikajifunga pale pale bila kuchonga masikio ya fremu.

Stemu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ilikuwa ya aluminiamu, nzuri, imechongwa kwa maua, na mwenyewe aliipenda. Chini yake, kwenye mkia unaoingia ndani ya foki, kuna mfereji unaouruhusu mkia utanuke ukikazwa. Mfereji huo uliishia kwa pembe kali, bila tundu la duara la kutawanya mkazo. Nilipoupangusa kwa mafuta ya taa na kuupaka chaki, mstari mwembamba mweusi ulijitokeza kwenye chaki, milimita 6 kutoka mwisho wa mfereji. Ufa. Stemu ikikatika hapo, usukani unabaki mikononi mwa mpandaji na baiskeli inakwenda kwake. Hili sikulijadili kwa upole. Ile ya zamani nikamrudishia kwenye mfuko kama kumbukumbu. Mpya ilikuwa ya milimita 22.2, foki ya Kifaransa inataka 22.0, kwa hiyo mkia wake ulipunguzwa kwa msasa, milimita 0.1 kila upande, nikipima sehemu nne kila baada ya dakika chache hadi ikashuka kwa uzito wake na mguso mdogo wa mkono.

Kufunga krenki nilikuja nako mwisho. Gololi mpya 22, grisi nyingi, ekseli ya zamani. Kikombe cha kulia kilirudi kwa ile ile bolti na washa zilizonipotosha. Safari hii mwelekeo wake ulikuwa ule ninaoutaka, kwa sababu mbinu inayoshindwa kufungua kikombe cha Kifaransa inakikaza vizuri sana. Na kinahitaji kukazwa. Mzigo wa mpandaji huzunguka na krenki, na kikombe kilicho ndani ya tundu pana kuliko chenyewe kwa unywele hujiviringisha kurudi nyuma, kinyume na mzunguko wa mzigo. Upande wa kulia, kurudi huko nyuma kunafungua uzi wa kulia. Ndiyo sababu Waingereza na Waswisi walitia uzi wa kushoto pale. Wafaransa na Waitaliano walitegemea mkono wa fundi.

Kwa hiyo nilitia gundi ya kufungia bolti kwenye uzi, nikakaza, kisha nikachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye kikombe hadi kwenye kasha. Nikamwambia dada: "Kila ukimaliza safari, tazama hapa. Mstari ukikatika, nilete."

Alirudi baada ya kilomita 60. Mstari ulikuwa umeachana kwa karibu milimita 2. Nikaondoa krenki, nikakaza tena kwa ile bolti, nikafuta mstari wa zamani nikachora mwingine. Amepita mara tatu tangu wakati huo, mara moja akiwa na tope hadi magotini, na kila mara huinamisha baiskeli mwenyewe kabla sijauliza, akapangusa kasha kwa kidole gumba. Mstari bado umeunga.